Aliyebeba Ndoo

Nilimpasua kambale yule juu ya jani la mgomba, pembeni mwa bwawa langu lililoko bondeni karibu na Nyangao, asubuhi ambayo matope yalikuwa bado hayajaanza kukauka. Urefu wake ulikuwa kama wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na tumbo lilikuwa limetuna upande mmoja kama mfuko uliotiwa mahindi mabichi. Ndani nilimkuta perege mmoja mzima, magamba yake yakiwa bado yanang'aa, na chini yake wengine wanane waliokwisha kulainika kiasi kwamba niliwatambua kwa mifupa ya taya na miiba ya mgongoni tu. Niliwapanga wote tisa juu ya jani kwa ukubwa wao, kama nilivyokuwa nikiwaelekeza wanafunzi wa kidato cha tatu kupanga vielelezo vyao maabara, kisha nikakaa chini kwa sababu miguu ilikuwa imeniishia nguvu.

Vifaranga hao nilikuwa nimewanunua, mia tano kwa hesabu ya muuzaji, nikawaleta kwa pikipiki katika mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na oksijeni, nikiwa nimewakumbatia njia nzima kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Bwawa lenyewe nililichimba kwa sehemu ya mafao yangu baada ya kustaafu ualimu wa baiolojia, na kila aliyenipa ushauri alizungumzia chakula, mbolea na wezi. Hakuna aliyezungumzia mto. Masika yale Lukuledi ulipanda, ukaingia mashambani, na maji yaliporudi nyuma kambale walikuwa wamekwisha kuhamia kwangu. Kambale ana kiungo karibu na mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje, na usiku wa mvua huweza kujiburura juu ya majani mabichi kutoka dimbwi moja hadi jingine, mambo ambayo nilikuwa nimeyafundisha darasani kwa miaka mingi bila kufikiri kwamba yananihusu. Nilipolikausha bwawa nilipata perege sitini na mmoja na kambale wanne wanene.

Kisa hiki nilimsimulia binti wa dada yangu mara nyingi, kwa hasira ambayo yeye aliiona kuwa ya kuchekesha. Baadaye alikwenda Oregon, Marekani, kusomea mambo ya mito, na siku moja akanitumia kwa simu picha ya samaki mwenye rangi ya shaba na mistari ya kijani kibichi ubavuni, tumbo lake likiwa wazi, na kando yake, juu ya sinia la bluu, samaki wadogo wanne wa rangi ya fedha waliopangwa kwa ukubwa. Chini yake aliandika: «Shikamoo mjomba. Huyu si kambale wako?» Nilimjibu marahaba, nikamwuliza huyo ni nani, na hao watoto ni wa nani.

Watoto walikuwa wa samoni. Mlaji alikuwa besi mwenye mdomo mdogo, samaki wa mito na maziwa ya mashariki na katikati ya Amerika Kaskazini, ambaye upande wa magharibi ni mgeni aliyepelekwa na watu. Nilifurahi, lazima niseme ukweli, maana nilidhani nimepata mwenzangu katika msiba, mto mzima wa Columbia, ule mkubwa wa magharibi ya Marekani, ukilalamika kwa sauti yangu. Miezi iliyofuata, kwa ujumbe wake mrefu wa sauti ambao niliusikiliza nikiwa nimeketi barazani hapa Lindi jioni, mpwa wangu aliniondolea furaha hiyo kidogo kidogo.

Kwanza ilinibidi nimwelewe samoni mwenyewe. Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, katika maji baridi yanayopita juu ya changarawe. Jike huchimba shimo kwa kupigapiga mkia, hutaga, dume hurutubisha mayai, kisha jike huyafukia kwa changarawe ileile. Vifaranga huanguliwa wakiwa na kifuko cha kiini kinachoning'inia tumboni, na hukaa gizani chini ya mawe hadi akiba hiyo iishe. Kisha, baada ya miezi michache au baada ya mwaka mmoja na zaidi kwa kutegemea aina, mwili wao hubadilika: madoa ya ubavuni hufifia, rangi ya fedha hutanda, mashavu na figo hujiandaa kwa chumvi, na samaki mwenye urefu wa kidole au wa kiganja huanza kushuka na mkondo kwenda bahari ambayo hajawahi kuionja. Wanaosalimika hukaa baharini miaka kadhaa, hurudi katika mto waliozaliwa, hutaga na kufa. Huku kwetu msafiri anayefanana naye ni mkunga wa mtoni, yule samaki mrefu kama nyoka, anayekulia katika maji ya Ruvuma, ila safari yake ni ya kinyume, kwa kuwa yeye huteremka akiwa mtu mzima kwenda kuzaa baharini, na wanasayansi wanaamini kwamba mahali hapo pako mbali, mashariki ya Madagaska.

Kwa samoni, hatari yote kubwa ya mtoni imejikusanya katika zile wiki za kushuka. Wapo samoni wekundu aina ya sockeye wanaozaliwa Redfish Lake, jimbo la Idaho, ziwa lililo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na umbali wa kilomita 1,450 hivi kutoka baharini, ambao ni zaidi ya mara tatu ya njia ya Lindi hadi Dar es Salaam. Katika njia hiyo mtoto wa samoni hupita mabwawa manane makubwa ya umeme, manne katika mto Snake na manne katika Columbia, ambayo yalijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1975. Mwaka 1992 samoni mwekundu mmoja tu, dume, ndiye aliyerudi Redfish Lake, na watu wakampa jina la Larry Mpweke.

Sasa tuje kwa wageni. Besi mwenye mdomo mdogo alifika katika mito ya Oregon na Washington miaka ya 1920. Baadaye, kufikia katikati ya karne, akaonekana walai, samaki mwenye macho yanayometameta gizani kama ya paka, ambaye huwinda vizuri zaidi mwanga unapofifia, yaani wakati uleule ambao samoni wachanga hupenda kusafiri. Kusini mwa Alaska yupo paiki, mwenye pua ya bata na meno mengi, anayejificha katika majani ya maji yaliyotulia na kuchomoka kama mshale. Yeye ni mwenyeji wa kaskazini na magharibi ya milima ya Alaska Range, lakini kusini mwa milima hiyo alivushwa na watu kinyume cha sheria. Na California yupo besi mwenye milia, ambaye habari zake ndizo zilizonifanya nisilale usiku mmoja mzima, kwa sababu katika habari hizo yumo mtu ninayemwelewa mno.

Mtu huyo aliitwa Livingston Stone. Mwaka 1872 serikali ya Marekani ilimtuma magharibi akatafute mayai ya samoni, kwa kuwa samoni wa mashariki walikuwa wamemalizwa na viwanda, mabwawa na uvuvi, na ikaonekana busara kuwapanda wa magharibi mahali pao. Stone akajenga kituo kando ya mto McCloud, kaskazini mwa California, akawa anakamua mayai, anayarutubisha na kuyapakia kwa safari ya reli ya kuvuka bara. Kwa hiyo alimjua samoni kwa mikono yake, tangu yai. Lakini treni zinazokwenda mashariki na mayai hurudi magharibi, na hakukuwa na sababu ya kurudi mikono mitupu. Mwezi Juni 1873 Stone alikuwa safarini kuelekea California na behewa zima la samaki hai wa mashariki wa aina nyingi, pamoja na mikunga na kamba wakubwa wa baharini, wote ndani ya matangi ya maji, yeye na wasaidizi wake wakiwahudumia usiku na mchana, wakibadilisha maji na kuongeza barafu. Walipofika jimbo la Nebraska, daraja la mto Elkhorn likavunjika chini ya treni. Behewa likatumbukia mtoni na watu walio ndani wakaponea chupuchupu, huku samaki wote wakijitawanyia katika mto ambao haukuwa umepangwa na mtu yeyote kuwapokea. Ningekuwa mimi, ningechukulia kwamba nimeonywa. Stone hakukaa hata mwezi. Mwezi uleule alikuwa tena ndani ya treni na vifaranga vya samaki wengine, na hao walifika.

Mwaka 1879 akamleta besi mwenye milia, aliyevuliwa katika mito ya New Jersey. Waliofika hai na kumwagwa katika maji yanayounganisha mto Sacramento na ghuba ya San Francisco walikuwa zaidi kidogo ya 130. Mwaka 1882 wakaongezwa wengine 300 hivi. Mwaka 1899, yaani miaka ishirini tu baada ya ile ndoo ya kwanza, wavuvi wa biashara walivua besi mwenye milia zaidi ya tani 500 katika mwaka mmoja. Sijui kama nimewahi kuona mfano bora zaidi wa maneno «kuzaana na kuijaza nchi». Watu walifurahi, soko lilijaa, na hakuna aliyekuwa akitazama vifaranga vya samoni vilivyokuwa vikiteremka kutoka kwenye mito ileile ambayo Stone alikuwa amekwenda kuwatafutia mayai.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba kesi imekwisha: mgeni ameingia, mgeni amekula, mgeni ana hatia. Akaniambia, «Subiri mjomba, hatujahesabu.»

Namna wanavyohesabu nilipenda kuijua, kwa kuwa mimi nilitumia kisu. Wao humkamata besi au walai akiwa hai, humwingizia mpira mwembamba mdomoni na kusukuma maji taratibu mpaka tumbo limwage kilichomo kwenye chujio, kisha humwachia aende, isipokuwa kama hatakiwi kwenda. Nyama huyeyuka mapema, lakini mifupa ya taya na ya bega hudumu zaidi, na kila jamaa ya samaki ina umbo lake, hivyo mwenye jicho lililofunzwa huweza kusema mfupa huu ni wa samoni na huu si wa samoni. Nilipomweleza kwamba wale wanane wa kwangu niliwatambua kwa njia hiyohiyo, alinipongeza kwa heshima zote, akaongeza kwamba tumbo la samaki mmoja bado halijawa utafiti.

Hesabu aliyonitajia ilifanywa nyuma ya bwawa la John Day, katika mto Columbia, kuanzia mwaka 1983 hadi 1986. Nyuma ya ukuta ule maji yamesimama kwa urefu wa kilomita 120 hivi, kupita njia ya kutoka Lindi hadi Mtwara. Watafiti walikadiria kwamba humo ndani samaki wawindaji walikula samoni wachanga na jamaa zao milioni 2.7 kwa mwaka, yaani takribani asilimia 14 ya wote walioingia. Katika walioliwa, asilimia 13 walimezwa na walai na asilimia 9 na besi, wageni wote wawili. Asilimia 78 zilizobaki ziliingia katika tumbo la paikimino, samaki mrefu ambaye ni mwenyeji wa mto ule na ameishi na samoni tangu mito hiyo ilipokuwapo.

Nilinyamaza barazani. Nilikumbuka kwamba kambale wangu naye ni mwenyeji wa Lukuledi.

Hapo ndipo niliposhawishika kurudia maswali upya. Kama paikimino amekuwa akila samoni kwa maelfu ya miaka na samoni hawakwisha, kuna kitu kilichobadilika kati yao. Mto unaokwenda kasi humpitisha mtoto wa samoni mbele ya mdomo wa mwindaji haraka, katika maji baridi yaliyochafuka kwa tope la theluji inayoyeyuka, na mwindaji hapati nafasi nzuri ya kulenga. Ukiuzuia kwa ukuta, maji hutulia, tope huzama, mwanga hupenya, jua hupasha joto, na safari huchukua siku nyingi zaidi. Chini ya ukuta samoni wachanga hutoka katika mitambo au katika milango ya maji wakiwa wamevurugwa na kizunguzungu, na hapo ndipo wawindaji hukusanyika, kama paka wa Feri ya Mtwara wanavyojua saa ambayo mashua huingia. Samaki ni kiumbe ambaye joto la mwili wake hufuata maji. Maji yakipata joto, tumbo la besi husaga chakula haraka na njaa hurudi mapema. Samoni akiwa katika joto hilohilo huchoka. Bwawa humsaidia mmoja na humdhoofisha mwingine, wote wakiwa katika maji yaleyale.

Mimi nami nilikuwa nimejenga kitu cha namna hiyo Nyangao bila kujua. Perege mia tano, katika maji yaliyosimama, yenye kina kifupi, yasiyo na majani ya kujificha, bila mlango wa kutokea: kambale aliyefika pale hakukuta uwindaji, alikuta karamu. Mtoni, kambale huyohuyo hutembea usiku kucha kwa ajili ya konokono wawili na dagaa mmoja.

Hata hivyo, nisingependa msomaji aondoke hapa akidhani kwamba besi amesafishwa. Nilijaribu kumsafisha kwa mpwa wangu, kwa shauku ya mtu aliyebadili upande, naye akanikataza. Asilimia 22 ya milioni 2.7 ni karibu samoni laki sita kwa mwaka, katika bwawa moja, na takwimu zile ni za miaka ya 1980, kabla mito haijapata joto ililonalo sasa. Besi hula zaidi wakati wa kiangazi, na wanaopita wakati huo ni watoto wa samoni aina ya Chinook wanaoshuka wakiwa na umri wa miezi tu, wadogo kiasi cha kutosha mdomo wa besi wa kawaida. Tena besi anapanda. Katika mto John Day, unaoingia Columbia, watafiti wamemfuatilia akisogea juu kila maji yanapopata joto, kuelekea kwenye vijito ambako samoni hulelewa, na moja ya mambo yanayoweza kumpunguzia mwendo ni kivuli cha miti kando ya kijito, kwa kuwa maji yaliyo kivulini hubaki baridi. Paikimino walau ana historia na samoni. Mgeni hana historia hiyo, naye samoni mchanga hakurithi hofu iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Dawa zimejaribiwa nyingi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 upo mpango wa kuwalipa wavuvi wa ndoana kwa kila paikimino mkubwa watakayemleta kituoni, na wamekwisha kuondolewa zaidi ya milioni 5. Wasimamizi wake wanakadiria kwamba ulaji wa samoni unaofanywa na samaki huyo umepungua kwa asilimia 40 hivi. Kuhusu besi na walai mambo ni magumu zaidi, kwa sababu hao wanapendwa. Kuna watu wanaonunua boti kwa ajili yao, wanaoshindania vikombe, na kwa miaka mingi sheria iliwalinda kwa kuweka ukomo wa idadi ambayo mvuvi anaruhusiwa kuchukua. Washington na Oregon zimeondoa ukomo huo katika Columbia, lakini kuruhusu watu wachukue wengi hakumfanyi mtu anayempenda samaki wake amchukue. Wengi humpiga picha na kumrudisha majini. Mpwa wangu alihudhuria kikao kimoja cha wavuvi na watafiti, na alichonisimulia kilinikumbusha vikao vyetu vya kugawana mipaka ya mashamba, ambapo kila mmoja husema kweli na hakuna anayemsikia mwenzake.

Jambo lililonigusa zaidi lilitoka Alaska. Huko, katika kijito cha Alexander Creek na maji mengine ya bonde la Susitna, paiki amewamaliza samoni kiasi kwamba maofisa huenda na nyavu kila msimu kumpunguza. Katika maji yanayoweza kufungwa, kama Soldotna Creek kwenye rasi ya Kenai, walikwenda mbali zaidi kati ya mwaka 2014 na 2017: waliwavua kwanza samaki wenyeji na kuwahamishia mahali salama, wakatia majini sumu iitwayo rotenoni, paiki wakafa, sumu ikavunjika, wenyeji wakarudishwa.

Nilimwuliza rotenoni inatoka wapi. Akasema hupatikana katika mizizi na majani ya mimea ya jamii ya kunde. Nikamwambia asimame hapo, kwa sababu nilikwisha kuinusa.

Nikiwa na umri wa miaka minane au tisa nilifuatana na bibi yangu mzaa mama na wanawake wenzake wakati wa kiangazi, kijito kilipokuwa kimekatika na kubaki madimbwi. Walikuwa na utupa, ule mti mfupi wenye maganda ya manyoya na maua meupe, uliopandwa nyuma ya nyumba kama mtu anavyopanda mchaichai. Walitwanga majani juu ya jiwe mpaka yakatoa povu la kijani na harufu kali ya kunde mbichi, wakayafunga katika kikapu, wakakitikisa ndani ya dimbwi wakitembea polepole ukingo hadi ukingo. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha samaki wakaanza kupanda juu mmoja mmoja, vinywa wazi, wakitweta usoni mwa maji kama watoto wanaosoma kwa sauti, na wanawake wakawaokota kwa nyungo. Niliogopa kula jioni ile. Bibi akaniambia, «Kula, mjukuu wangu. Hawa hawakufa kwa sumu, wamekufa kwa kukosa pumzi.» Nilifika chuoni ndipo nikajifunza kwamba alikuwa sahihi zaidi ya alivyojua: dawa ile huingia kwa mashavu na kuzuia seli zisitumie oksijeni, hata kama maji yamejaa oksijeni tele. Sheria yetu ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na ni haki ikataze, kwa kuwa utupa hauchagui mkubwa na mdogo. Lakini nilikaa muda mrefu nikiwafikiria maofisa wa Alaska waliovaa barakoa na mavazi ya kinga, wenye vipimo na vibali, wakitembea ukingo hadi ukingo.

Katika nchi yetu mtu akitaja samaki wa kupandikizwa, kila mmoja hutaja sangara. Alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawameza furu, ambao aina zao zilikuwa mamia na nyingi zimetoweka, na akajenga viwanda na miji. Habari hiyo imeandikwa sana, nami sina la kuongeza. Ninachotaka kutaja ni cha hapa karibu. Katika Ziwa Rutamba, ndani ya mkoa wetu wa Lindi, na katika maziwa madogo ya jirani, yupo perege anayeitwa wa Korogwe, ambaye makao yake mengine yako mbali kaskazini, katika mabonde ya Pangani na Zigi. Hapa kwetu ametengana na jamaa zake wa kaskazini, na watafiti waliompima wamemkuta akiwa pamoja na sato aliyeletwa na watu, na wamekuta machotara wao. Sato, anayetambulika kwa mistari myeusi iliyosimama wima mkiani, si mwindaji kama besi. Hula zaidi majani madogo ya majini na takataka. Yeye humwondoa mwenyeji kwa njia ya ndoa, na tumboni mwake hutakuta ushahidi wowote.

Nilipomfikisha mpwa wangu katika sato, aliniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelihifadhi muda mrefu. «Mjomba, baada ya wale kambale, ulipandikiza tena?»

Nilipandikiza. Mwaka uliofuata nilinyanyua kingo, nikaweka wavu kwenye mdomo wa kuingizia maji, nikanunua vifaranga kwa mtu mwingine, ambaye aliwaita perege wa kisasa. Alinipimia kwa ukarimu kuliko nilivyolipia, na bwawa halikuwatosha. Ilibaki ndoo moja ya lita ishirini. Ningeweza kuwakaanga kama dagaa, ningeweza kuwapa kuku. Lakini ilikuwa jioni nzuri, kijito kilikuwa kimejaa, nami nilijihisi mtu mwema. Nikaenda hadi ukingoni, nikainamisha ndoo taratibu ili wasiumie, nikawaangalia wakijipanga kufuata mkondo kuelekea Lukuledi. Nadhani niliwaambia hata neno la kuwatakia heri. Stone alikuwa na 130, nami katika ndoo ile nilikuwa na wengi zaidi.

Mwezi Julai mpwa wangu alikuja likizo, na siku ya pili tu baada ya kufika akataka twende Nyangao. Kijito kilikuwa kimepungua, kikabaki na visima virefu chini ya mizizi ya mikuyu. Tulimkuta kijana wa miaka kumi na miwili hivi akivua kwa ndoana na chambo cha ugali. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamwomba atuuzie samaki wake, waliokuwa watatu ndani ya kopo la rangi. Mpwa wangu alichuchumaa, akamtoa wa kwanza, akaupanua mkia wake kwa vidole viwili. Ulikuwa mtupu, wa kijivu. Wa pili vilevile. Wa tatu alikuwa mkubwa kidogo na mpana mgongoni, na mkia wake ulipofunguka kama upepeo ulikuwa na mistari myeusi iliyosimama wima, iliyopangana vizuri kutoka shina hadi ukingo. Alinionyesha akiuelekeza juani ili nione vizuri, akaanza kuihesabu kwa sauti ya chini.

«Huyo ndiye mtamu, babu,» kijana akaniambia. «Siku hizi wapo wengi.»